Picha Ikuvutie Turkana, Lakini Jina Ndilo Liamue Malipo

Hebu tuanze na kisa chetu wenyewe, kabla hatujaanza kushauri watu.

Watatu kwenye timu hii tulikuwa tunapanga kwenda Lodwar kwa tamasha la Tobong'u Lore. Kama hujawahi kulisikia, ni tamasha la utamaduni la Kaunti ya Turkana, na jina lake ni mwaliko wa Kiturkana wa kurudi nyumbani. Mwaliko huo una sababu. Ni katika kaunti hii, pale Nariokotome, ambapo mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kwa hivyo watu wa Turkana wanaposema karibu tena nyumbani, wanamwambia kila mtu duniani.

Tukaingia mtandaoni kutafuta malazi. Tukaona picha moja tamu sana: maji ya kijani, mikoma miwili mitatu, jua linazama, kiti cha mbao kinakungoja. Chini yake pameandikwa kwamba loji iko Lodwar, ufukweni mwa Ziwa Turkana, na kwamba chumba kimebaki kimoja tu. Bei ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, kutoka 7,000 hadi 4,500 kwa usiku. Nani angekataa? Tovuti ilitaka kadi ya benki, nasi hatukuwa na kadi, basi tukachukua nambari ya simu iliyokuwa kwenye picha, tukaandikiana na jamaa mmoja, akatutumia nambari ya kulipia. Siku mbili, shilingi 9,000. Tulikuwa tumebakisha PIN.

Hapo ndipo mwenzetu aliyelelewa kule juu akachungulia simu na kuuliza, "Kwani Lodwar ilipata ufuo lini?"

Lodwar ina mto, Turkwel. Ziwa liko mashariki, takriban kilomita 60 kwa barabara ukielekea Kalokol au Eliye Springs. Tukamuuliza yule jamaa. Akajibu bila haya kwamba chumba kiko mjini, na picha ni ya "mahali mnaweza kutembelea." Tukaangalia tena skrini ya malipo. Jina lililotokea halikuwa la loji, wala la yule tuliyekuwa tukiongea naye. Tukaacha.

Mpaka leo hatujui kama alikuwa mkora au ni mfanyabiashara mzembe tu. Na hilo ndilo linalotusumbua. Kutoka pale tulipoketi, wawili hao walifanana kabisa.

Tovuti inakuuzia kabla hujajua umeuziwa

Baadhi yetu tumesomea masoko chuoni, kwa hivyo tuseme ukweli wa kazi yetu. Ukurasa wa utalii haukupi habari tu. Umepangwa ili uamue haraka. Picha inakuja kwanza kwa sababu moyo hufika kabla ya akili. Bei ya zamani inakatwa mbele yako ili ile mpya ionekane zawadi, hata kama ile ya zamani haijawahi kulipwa na mtu. Nyota na maoni ya wageni yanakuambia kwamba wenzako wameshafika, wewe umechelewa. Halafu inakuja ile ya "chumba kimoja kimebaki, watu 8 wanaangalia sasa hivi." Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini hawakuwahi kuona saa inayorudi nyuma kwenye skrini.

Haya si malalamiko yetu peke yetu. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza ilizibana tovuti sita kubwa za kuwekea nafasi hotelini, zikiwemo Booking.com, Expedia na Trivago, zikakubali kubadilisha mambo kadhaa. Ziache kumpa mteja picha ya uongo kuhusu uhaba wa vyumba. Ziseme wazi pale ambapo hela inayolipwa na hoteli imechangia kuiweka juu kwenye orodha. Zionyeshe ada zote tangu mwanzo. Ikiwa kampuni kubwa hivyo zilihitaji kusukumwa, ukurasa mdogo usio na mwenyewe utajisukuma?

Na zile nyota? Mwaka 2017 kijana mmoja wa London, Oobah Butler, aliandikisha kwenye Tripadvisor mkahawa ambao haukuwepo. Anwani ilikuwa kibanda cha bustani alimoishi. Baadhi ya picha za vyakula zilipambwa kwa povu la kunyolea ndevu. Marafiki wakaandika maoni matamu. Baada ya miezi michache, kibanda hicho kikawa nambari moja London nzima, mbele ya mikahawa zaidi ya 18,000, na watu wakawa wanapiga simu kuomba meza.

Kama hilo liliwezekana London, ambako mtu angeweza kupanda basi akaenda kuangalia, fikiria mahali ambapo safari ya kwenda kuhakikisha ni ndege ya kutoka Nairobi au siku nzima barabarani kupitia Kitale. Kadiri mahali palivyo mbali, ndivyo ukurasa unavyokuwa na nguvu juu yako. Mtu wa Nairobi akitafuta hoteli ya Naivasha ana binamu aliyewahi kwenda. Akitafuta ya Turkana, ana picha tu.

Picha haisemi umbali

Ziwa Turkana lina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na limegawana kaunti. Lodwar, Kalokol na Eliye Springs ziko upande wa magharibi, Kaunti ya Turkana. Loiyangalani iko upande wa mashariki, Kaunti ya Marsabit. Katikati hakuna daraja. Kila upande una tamasha lake la utamaduni, na kwenye mtandao yote mawili yanaitwa "tamasha la Turkana." Ukilipia kitanda Lodwar ukidhani tamasha unalolitaka liko Loiyangalani, hujakosea kwa mtaa mmoja. Umekosea kwa safari nzima ya kulizunguka ziwa.

Kisiwa cha Kati, chenye maziwa yake matatu ya volkano na mamba wanaotaga pale, kinaonekana karibu sana kwenye picha. Ukweli ni kwamba unahitaji boti, mtu anayelijua ziwa, na upepo unaokubali. Ukurasa unaosema "kisiwani, saa moja, bei nafuu" bila kutaja upepo umekuficha jambo ambalo mvuvi yeyote wa Kalokol angekuambia bure.

Tunayasema haya si kukutisha. Nenda Turkana, tafadhali! Lakini jua kwamba ukurasa ulioandikwa na mtu anayepajua mahali hujionyesha kwa vitu vidogo: unataja kilomita, unataja joto, unasema maji ya kunywa yanatoka wapi, barabara ya mwisho ni mchanga au lami, na stima ikipotea kuna nini. Ukurasa usiokuwa na tatizo hata moja umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika.

Uamuzi huku, malipo kule

Sasa tuje kwenye kazi yetu, maanake hapa ndipo tunaona jambo ambalo wengi hawalioni.

Mtu mwenye kadi akiwa Ulaya huamua na kulipa mahali pamoja, kwenye tovuti ileile. Mambo yakiharibika anajua atamlalamikia nani, na mara nyingi benki yake inaweza kufuatilia. Sisi wengi wetu pesa zetu ziko kwenye simu. Basi tunaamua kwenye tovuti, tunatoka, tunaingia WhatsApp, tunapewa nambari, tunalipa. Imani tuliyoijenga kwa ile tovuti tunaibeba mpaka kwa mtu ambaye tovuti haimjui. Nyota ni za ukurasa mmoja, nambari ni ya mtu mwingine kabisa. Ulinzi wowote uliokuwa kwenye tovuti umebaki kule nyuma.

Maoni yetu ni haya: pesa ya safari haipotei kwenye tovuti wala kwenye simu. Inapotea njiani, kati ya hizo mbili. Na kitu kimoja tu ndicho kinachoweza kuunganisha pande hizo, nalo ni jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Hizo sekunde mbili tatu ambazo wengi tunazipita kwa kidole ndizo sehemu ya safari yako ambayo hakuna mtu wa masoko aliyeipamba. Hakuna machweo hapo, hakuna nyota. Ni jina tu. Lisome.

Kizuri hakijiuzi kisipoonekana

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemwonea mtu mwingine, naye ni mteja wetu pia.

Kuna methali tunayoipenda, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni imegeuka. Mama mwenye gesti ya vyumba sita Lodwar, safi, chandarua kizima, chai ya maziwa alfajiri, hana picha hata moja mtandaoni. Jina lake linajulikana stendi na kwa madereva. Wakati wa tamasha, wageni wa Karamoja na Sudan Kusini wanaokuja kucheza ngoma na ndugu zao Waturkana watampata kwa kuulizia. Mgeni wa Nairobi hatampata. Atampata yule mwenye picha ya mikoma.

Na ikitokea mama huyu amewekwa mtandaoni na kijana wake, nambari iliyopo ni ya kibinafsi, kwa jina la kijana. Mgeni aliyefundishwa na blogu kama hii kuogopa majina yasiyolingana ataona, atashtuka, ataondoka. Chumba kitalala kitupu, na wiki ya tamasha ni moja tu kwa mwaka.

Kwa hivyo kwa wenye biashara tunasema: jina la mahali pako, jina la nambari yako ya malipo na jina lililo kwenye ukurasa wako, yafanye yawe moja. Chukua nambari ya biashara yenye jina la gesti. Kama bado hujaipata, andika wazi kwenye ukurasa, "Ukilipa utaona jina fulani, ni mwanangu anayeshughulikia malipo." Sentensi hiyo moja itakuletea wateja kuliko picha kumi za jua linalozama. Na weka picha ya chumba chenyewe, hata kama ni kidogo. Mgeni husamehe chumba kidogo. Hasamehi kudanganywa.

Kakuma, ambako jina lenyewe ni mtihani

Ukitoka Lodwar ukaendelea kaskazini-magharibi takriban kilomita 120 unafika Kakuma. Watu husema, nani anaenda Kakuma kutalii? Swali hilo limepitwa na wakati. Kambi ilianza mwaka 1992, kumaanisha kuna watu waliokulia pale, wakahamia Marekani, Kanada au Australia, na sasa wanarudi na watoto wao kuonyesha walikotoka. Kuna watafiti, wanahabari, wafanyakazi wa mashirika, watu wa makanisa. Mwaka 2018 ripoti ya IFC ilikadiria kwamba uchumi wa Kakuma ni takriban dola milioni 56 za Marekani kwa mwaka, wenye biashara zaidi ya 2,100. Kuna injera ya Kiethiopia, kuna chai ya Kisomali, kuna vyumba vya kulala. Kwenye tovuti za utalii, karibu vyote hivi havipo.

Na malipo ya simu si mageni kule. Kuanzia mwaka 2015, chini ya mpango wa Bamba Chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, familia za wakimbizi zilipokea sehemu ya msaada wa chakula kupitia laini ya simu na kununua kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Watu wa Kakuma wanajua kulipa na kulipwa kwa simu vizuri tu.

Tatizo liko kwenye usajili. Kwa miaka mingi wakimbizi wengi wamepata shida kusajili laini kwa majina yao, kwa sababu ya aina ya vitambulisho walivyo navyo. Wengi wakatumia laini iliyosajiliwa na rafiki au jirani Mkenya. Sasa rudi kwenye ushauri wetu: soma jina kabla ya kulipa. Mwenye mkahawa wa Kiethiopia ana jina la Kiethiopia, lakini skrini yako inaonyesha jina la Kiturkana. Kwa kipimo chetu, yeye ni tapeli. Kwa ukweli, yeye ni mtu aliyefanya biashara kwa njia pekee iliyokuwa wazi kwake.

Hapa sisi kampuni za malipo hatuwezi kujitoa. Hatuwezi kumfundisha mteja kuogopa jina lisilolingana, halafu tukafanya iwe vigumu kwa mfanyabiashara kupata jina linalolingana. Ikiwa mtu ana hati halali aliyopewa na serikali ya Kenya, sekta yetu inapaswa kufanya kazi na wasimamizi mpaka hati hiyo itoshe kumpa nambari ya biashara bila kuzungushwa wiki baada ya wiki. Usalama wa mteja wa Nairobi na riziki ya mwenye mkahawa wa Kakuma ni jambo moja. Tukiutengeneza upande mmoja tu, tumeharibu wote.

Mpaka hapo tutakapofika, jina lisilolingana lisikufanye umwite mtu mwizi. Likufanye uulize. "Naona jina fulani, ni nani?" Mtu mkweli hujibu kwa utulivu, na mara nyingi atakubali ulipe ukifika. Mkora hukasirika, hukuharakisha, au hukutumia nambari ya tatu.

Kabla hujaweka PIN

Haya ndiyo tunayofanya sisi siku hizi, na tunakuomba uyafanye:

1. Tafuta mahali kwenye ramani kwanza, picha baadaye. Uliza, kutoka hapa hadi ziwani ni kilomita ngapi, na nitafikaje?

2. Soma maoni ya katikati, si ya nyota tano wala ya nyota moja. Mtu aliyesema "chakula kizuri lakini jenereta inazimwa usiku" alilala pale kweli.

3. Piga simu, usiandike tu. Uliza kitu ambacho picha haiwezi kujibu: leo upepo uko vipi? Lami inaishia wapi?

4. Hoteli na kampuni za safari hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kuomba kuonyeshwa leseni si dharau.

5. Ada za hifadhi zinazosimamiwa na KWS, kama Kisiwa cha Kati, hulipwa kwa serikali kupitia eCitizen. Nambari ya malipo ya serikali ni moja, 222222. Mtu akikuambia umtumie ada ya hifadhi kwa nambari yake, uliza kwa nini.

6. Ukienda Kakuma, kumbuka kuingia kambini kunahitaji kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Ukurasa unaokuuzia "ziara ya kambi" bila kutaja kibali haujui unachouza. Na kule ni nyumbani kwa watu, si maonyesho, kwa hivyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

7. Usilipe yote mapema. Lipa kidogo cha kushika nafasi, kilichobaki ulipe ukiwa umeona kitanda. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho wa malipo na picha ya ule ukurasa.

8. Ukigundua umekosea nambari au umelaghaiwa, wasiliana na kampuni yako ya malipo saa hiyohiyo. Pesa ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Iliyotolewa ni kesi nyingine.

Na sheria iko upande wako. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti akupe maelezo muhimu kabla hujaingia kwenye makubaliano, pamoja na nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa. Saa inayorudi nyuma kwenye skrini haiondoi haki hiyo.

Lodwar tulienda hatimaye. Tulilala kwenye gesti ambayo hatukuiona mtandaoni, tuliyoelekezwa na dereva, na tukalipa tukiwa tumesimama mlangoni. Jina lililotokea lilikuwa la mama aliyekuwa mbele yetu. Alituuliza kwa nini tunatabasamu na simu. Tukamwambia kwamba siku nyingine angetupata mapema zaidi kama angeweka picha. Akasema picha atapiga, lakini kwanza apake ukuta rangi.

Tulimwambia asingoje rangi. Ukuta ulivyo unatosha.